Mjukuu anapenda ndege za vita, babu hataki kuzisikia

Katika nyumba moja ya Kidatu, si mbali na stesheni, ugomvi ulianza kwa jambo dogo: bando la intaneti. Mama mwenye nyumba hufanya biashara ya mchele, na wateja wake wa Morogoro na Dar es Salaam huagiza kwa simu. Alinunua bando la wiki siku ya Jumatatu. Kufika Jumatano lilikuwa limekwisha. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa amelimaliza kwa kutazama ndege za zamani za kivita zikishindana mbio huko Marekani.

Mama alifoka, kama ambavyo mama yeyote angefoka. Lakini kilichomshangaza zaidi siku ile ni baba yake mzazi, anayeishi nao. Kwa kawaida mzee huyo humtetea mjukuu wake hata pasipo na utetezi. Safari hii aliposikia maneno "ndege za vita", aliinuka kibarazani akaingia chumbani, na chakula cha usiku hakukigusa.

Mzee huyo ana miaka 78. Ni fundi mitambo mstaafu, mtu asiyeweza kupita mbele ya injini iliyofunguliwa bila kuchungulia ndani. Kwamba mtu wa aina hiyo akimbie habari za injini lilikuwa jambo geni kwa bintiye. Familia imekubali kisa chake kisimuliwe kwa wazazi wengine, mradi majina yao yasitajwe.

Mapenzi yasiyo na kazi

Mtoto anayekulia Kidatu hana uhaba wa mashine. Hapa ndipo reli ya kati na TAZARA zinapokutana bila kuungana, kwa sababu moja ina upana wa milimita 1,000 na nyingine milimita 1,067, hivyo mzigo hulazimika kuhamishwa kutoka treni moja kwenda nyingine. Hapa kuna bwawa la Mto Ruaha Mkuu na mitambo ya umeme wa megawati 204 iliyoanza kazi mwaka 1975. Kuna matrekta ya miwa, mashine za kukoboa mpunga, na bodaboda zisizohesabika. Mvulana akipenda treni, hakuna wa kumshangaa. Akipenda ndege ambazo hajawahi kuziona wala kuzisikia, zilizotengenezwa kabla hata babu yake hajazaliwa, watu huanza kuulizana kama yuko sawa.

Duniani mapenzi hayo yana watu wengi. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya ndege yalibaki bila kazi. Nyingi zilikatwakatwa zikawa chuma chakavu, nyingine zikauzwa kwa bei ya kutupa. Waliozinunua wakati ule hawakujua kwamba wajukuu wao wangezitunza kama dhahabu. Leo Spitfire ya Uingereza au Mustang ya Marekani ikipatikana hata katika hali ya mabaki tu, watu huifungua hadi ribiti ya mwisho. Kipande kinachofaa husafishwa na kupimwa. Kisichofaa huchongwa upya kwa kufuata michoro ya zamani. Kazi ya ndege moja huchukua miaka, na wapo mafundi waliozeeka wakiwa kwenye ndege ya tatu au ya nne tu.

Mbio za ndege nazo si mchezo wa jana. Mwaka 1931 Uingereza ilitwaa jumla Kombe la Schneider kwa ndege ya Supermarine S.6B, iliyokuwa ikipaa na kutua majini. Mbunifu wake, R. J. Mitchell, ndiye baadaye aliyebuni Spitfire. Kwa hiyo kilichojifunzwa kwenye mashindano kilikwenda vitani, na vita vilipokwisha ndege za vitani zikarudi kwenye mashindano. Kuanzia mwaka 1964 hadi 2023 mbio zilizojulikana zaidi zilifanyika Reno, katika jimbo la Nevada, ndege zikizunguka nguzo kwa kuruka chini chini. Zile za kasi kubwa zimeshavuka kilomita 800 kwa saa. Mwaka 2025 mbio hizo zilihamia Roswell, New Mexico.

Hayo yote mvulana anayajua kwa kichwa. Ana daftari la kurasa 200 alilolipiga mistari kwa rula: safu ya kwanza jina la ndege, ya pili injini, ya tatu nguvu farasi, ya nne kasi. Mama alipolishika mara ya kwanza alidhani ni daftari la fizikia akafurahi. Alipogundua si la fizikia, furaha ikaisha.

Isitoshe, alianza kuunda. Ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa za mbao na kitambaa. Kitambaa cha kitani kilivutwa juu ya mbavu za bawa, kikashonewa kwenye kila ubavu kwa uzi na fundo, kisha kikapakwa vanishi maalumu ya kukikaza mpaka kikawa kama ngozi ya ngoma. Mvulana hakuwa na kitani wala vanishi. Alichukua mianzi, spoku za baiskeli na shuka kuukuu, akaomba sindano kwa fundi cherehani wa jirani, akakaza shuka lake kwa uji wa unga wa muhogo. Bawa lilipokauka lilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, na kuku walilikimbia.

Babu alipita akaliona limening'inizwa nje ya jiko. Aliligonga kwa ukucha mara mbili. "Nyuzi zako zote zimelala upande mmoja," akasema. "Litapinda." Akaenda zake. Siku mbili baadaye likapinda kweli.

Mama aliliona hilo akatambua kwamba baba yake hana tatizo na bawa. Ana tatizo na jambo jingine.

Neno lililokaa miaka mia

Aliuliza jioni moja wakipepeta mpunga, wawili tu. Hakuuliza kwa ujanja. "Baba, mtoto amekukosea nini?"

Mzee alichukua muda. Kisha akasema kwamba mtoto hajakosea kitu, ila kuna neno aliloachiwa na bibi yake, na hajawahi kulitoa nje.

Mzee huyo alilelewa na bibi yake mzaa baba, mwanamke wa upande wa Ulanga. Mume wa bibi huyo alichukuliwa wakati wa vita ya Mjerumani kwenda kubeba mizigo. Nani alimchukua, Wajerumani au Waingereza au Wabelgiji, bibi hakuweza kusema. Walikuja watu wenye bunduki, wakahesabu wanaume, wakaondoka nao. Mumewe aliacha mke na mtoto mmoja wa kiume, ambaye ndiye baba wa mzee huyu. Hakurudi.

Hakuna aliyeleta habari za kifo, kwa hiyo matanga hayakuwekwa. Bibi alikataa. Alisema mtu hawezi kuliliwa kama hakuna aliyemwona akifa, na kwamba kumlilia mtu aliye hai ni kumwita kifo. Alikaa hivyo mpaka naye akafa, mzee. Na katika utoto wake mjukuu aliyemlea alikumbuka jambo moja: kila ndege ilipopita angani, bibi aliwaita watoto wote ndani na kufunga mlango. Alisema wakati ule wa vita kulikuwa na kitu kinachonguruma juu, na watu walipokisikia walikimbilia porini wakaacha vyungu motoni.

"Mtoto akisema ndege za vita," mzee alimwambia bintiye, "mimi nasikia ule mlango."

Ndege zilikuwepo, na wabebaji pia

Wengi wetu tukisikia Vita vya Kwanza vya Dunia tunafikiria mahandaki ya Ufaransa. Lakini vilipiganwa hapa pia, na ndege zilikuwa sehemu yake.

Maji ya Ruaha Mkuu yanayopita Kidatu huishia Mto Rufiji, na ni katika delta ya Rufiji ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha mwaka 1914, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar mwezi Septemba. Waingereza walishindwa kuifikia kwa meli kubwa, wakaleta ndege. Baadhi ya zile za mwanzo zilishindwa hata kupaa, kwa kuwa joto la pwani hupunguza nguvu ya injini na kuifanya hewa iwe nyepesi chini ya bawa. Hatimaye, tarehe 11 Julai 1915, ndege kutoka kisiwa cha Mafia ziliruka juu ya delta zikaelekeza mizinga ya manowari ndogo Severn na Mersey, na Königsberg ikaangamizwa. Wajerumani wakaitoa mizinga yake 10 wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Kila mzinga ulihitaji mamia ya watu kuukokota.

Mwaka 1916 kikosi namba 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichoundwa na watu wengi wa Afrika Kusini, kilifika Mombasa na kuingia vitani pamoja na jeshi la Jenerali Smuts. Kilikuwa na ndege aina ya BE2c na Henri Farman. BE2c ilikuwa na injini ya nguvu farasi 90 hivi, kiasi cha trekta la shambani, na kasi isiyofika kilomita 120 kwa saa. Morogoro ilitekwa tarehe 26 Agosti 1916, na mapigano yakasogea kusini kupitia Kilosa na Kidodi hadi ng'ambo ya Ruaha Mkuu. Mahenge ilichukuliwa na jeshi la Wabelgiji tarehe 9 Oktoba 1917.

Mvulana aliyasoma hayo mwenyewe baada ya mama kumweleza kwa nini babu hukimbia kibarazani. Kwa siku kadhaa alikuwa kimya. Kisha akarudi na swali ambalo halikuwa kwenye safu yoyote ya daftari lake. Alilipeleka kwa babu, kwa adabu zote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Babu, hizo ndege za hapa. Petroli yake ilifikaje?"

Mzee alimtazama. Hilo lilikuwa swali la fundi. Injini bila mafuta ni pambo, na mafuta hayajileti. Wakaketi wakahesabu pamoja. Reli ya kati ilipita Kilosa, lakini haikuja huku. Ng'ombe, punda na farasi walikufa kwa mbung'o. Magari yalikuwepo, ila msimu wa mvua katika bonde hili gari huzama hadi mlangoni, na hilo halihitaji mtu wa historia kulisema. Mkazi yeyote wa Ifakara anaweza kulieleza. Palipokwama gari, kilichobaki ni kichwa cha mtu. Chakula, risasi, dawa, vyote vilipita humo, mzigo wa kilo 25 hadi 30 kwa kila mmoja, kwa miguu, siku baada ya siku.

Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Takwimu rasmi zinataja vifo zaidi ya 95,000 miongoni mwao, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, ambao kumbukumbu zao ni chache zaidi. Kila anayekwenda sokoni Kariakoo hutaja jina lao bila kujua, kwa sababu neno hilo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wabebaji mizigo kilichopiga kambi pale.

"Kwa hiyo rubani aliruka juu ya watu waliombebea," mvulana alisema.

"Ndiyo," babu akajibu. "Na hakuwajua majina."

Safu ya tano

Usiku ule mvulana aliongeza safu ya tano kwenye daftari. Aliiandika "Watu". Humo alianza kuweka, kwa kila ndege anayoipenda, nani aliibeba, nani aliitengeneza, na nani alikuwa chini yake ilipopita.

Haikuwa kazi ya kufurahisha kila mara. Ndege aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Harvard, ambayo Wamarekani huiita T-6. Ina injini moja ya silinda 9 zilizopangwa duara na nguvu farasi 600, na ilifundisha marubani wengi wa Vita vya Pili. Kule Reno ilikuwa na mashindano ya daraja lake peke yake. Sauti yake, anasema, unaitambua kabla hujaiona. Alipoitafutia safu ya tano alikuta Kenya. Kati ya mwaka 1953 na 1955, ndege za Harvard za kikosi cha Waingereza ziliangusha mabomu madogo kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, zikiwasaka wapiganaji wa Mau Mau.

Akakuta na jingine. Tarehe 17 Septemba 2023, siku ya mwisho ya mbio za Reno, ndege mbili za aina hiyo ziligongana zikijiandaa kutua baada ya shindano, na marubani wote wawili wakafa. Hao nao aliwaandika.

Alifika kwa babu na uso wa mtu aliyeibiwa. Alitaka kujua kama aache kuipenda.

Mzee hakumjibu haraka. Alimsimulia kwamba ujanani, kwenye karakana moja mbali na Kidatu, trekta liliwahi kumkanyaga kibarua likamuua. Wiki iliyofuata mafundi walilifungua, wakalitengeneza breki, likarudi shambani, kwa sababu shamba lilikuwa linalihitaji. "Lakini sisi tuliomjua yule mtu," alisema, "hatukulipanda bila kumtaja. Na kijana mpya akija kulifunza tulimwambia: hili lilimuua fulani, angalia breki."

Mvulana aliendelea kuipenda Harvard. Ila sasa akimwonyesha mwenzake picha yake, humwambia na ya Nyandarua.

Kulikuwa pia na siku aliyomfanya babu acheke. Alikuwa amesoma kuhusu mbio za mwaka 1936 kutoka Portsmouth, Uingereza, hadi Johannesburg, zilizopita katikati ya Afrika Mashariki. Ndege 9 zilianza, moja tu ikafika, ikiendeshwa na Charles Scott na Giles Guthrie. Nyingine zote ziliharibika au zilianguka njiani, na moja ilianguka pale Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, karibu na mpaka wetu, watu wawili wakafa. Mzee aliposikia kwamba kati ya ndege 9 imefika moja, alitikisa kichwa. "Hata lori la mkaa lina matokeo mazuri kuliko hayo." Lakini jina la Abercorn lilimrudisha kwenye simanzi, kwani mjukuu alimweleza kwamba ni hapohapo, tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck alikabidhi silaha na vita vya Afrika Mashariki vikafungwa rasmi.

Mzee aliuliza: "Na wapagazi wake aliokuwa nao siku hiyo walirudije makwao?"

Mvulana hakuwa na jibu. Aliandika swali hilo kwenye safu ya tano.

Jina kwenye karatasi ya misa

Kilichoibadilisha kabisa nyumba hii ni ripoti ambayo mvulana aliikuta akitafuta orodha ya wabebaji. Alitaka kumletea babu jina la babu yake lililoandikwa mahali. Aliamini kwamba kwa kuwa kila rubani ana jina, tarehe na picha, basi na mpagazi atakuwa na mstari wake.

Hakuupata. Alichokipata ni kwamba Aprili 2021 Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilikiri kwamba waliokufa katika Vita vya Kwanza wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, humwonyesha mwanajeshi na bunduki yake. Mpagazi mmoja mmoja hana pake.

Mvulana aliogopa kumwambia babu. Alimwambia mama kwanza, na mama ndiye aliyelipeleka.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza kitu kimoja: "Kwa hiyo hakuna atakayeleta habari?"

"Hakuna, baba."

"Basi habari ndiyo hii."

Mama anasema hapo ndipo alipomwona baba yake akilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama yake. Miaka yote nyumba ilikuwa inasubiri mjumbe kwa mujibu wa neno la bibi. Sasa mjumbe alikuwa amefika, naye ni mtoto wa kidato cha pili mwenye kaptula ya shule na daftari la ndege.

Familia hiyo ni ya Kikatoliki, kama familia nyingi za bonde hili. Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu, na waumini hupeleka kanisani karatasi zenye majina ya watu wao. Mwaka huo kwenye karatasi ya nyumba hiyo liliongezwa jina moja juu ya yote. Baada ya misa waliweka matanga ya siku moja nyumbani, turubai dogo, wali na maharage, majirani wakaja. Wengine waliuliza kwa upole marehemu amefariki lini. Walijibiwa: kati ya mwaka 1917 na 1918. Hakuna aliyecheka. Mzee mwingine wa mtaa huo, baada ya kula, alisema kwao pia yupo wa namna hiyo, akaomba karatasi.

Aliyelisoma jina mbele ya watu ni kilembwe chake, mvulana mwenyewe. Familia imeomba jina hilo libaki lao.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa namna hii

Kisa hiki hakimaanishi kwamba kila mtoto anayemaliza bando aachwe. Mama wa nyumba hii hakumwacha. Ndege sasa ni Jumamosi tu, na bando la biashara lina nywila ambayo mvulana hajapewa. Alama zake za fizikia hazikuwa za mtu anayetaka kugusa injini, na babu ndiye aliyelisema hilo bila kumumunya. Alimweleza kwamba fundi asiyejua kukokotoa hutengeneza kwa kubahatisha, na kwamba mashine ya kukoboa ikizimika kwa kubahatisha kwako mteja ataondoka na mpunga wake, lakini ndege ikizimika hakuna pa kushukia. Tangu hapo husoma fizikia kibarazani, babu akiwa pembeni.

Njia ya mbele ipo, ingawa si rahisi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, hufundisha matengenezo ya ndege, na huko hesabu, fizikia na Kiingereza havikwepeki. Ada, nauli na pango ni hesabu nyingine, na mama ameanza kuifanya kwa magunia ya mchele. Hajui kama itatosha. Hajui pia kama mapenzi ya mtoto wa miaka 15 yatakuwepo akiwa na miaka 20.

Anachojua ni kwamba angemnyang'anya simu siku ile na kumaliza mambo hapo, angekuwa na haki, na baba yake angeendelea kufunga mlango. Kilichosaidia ni kuuliza maswali mawili: kwa mtoto, unapenda nini humo, kwa mzee, unaumizwa na nini. Kila mmoja alikuwa na kipande ambacho mwenzake alikihitaji, na wote wawili walikuwa wanakula sahani moja kila siku.

Kuna jambo jingine linalowahusu wasomaji wa bonde zima, kutoka Kidodi, Mang'ula na Ifakara hadi Mahenge. Wazee wa umri wa mzee huyu ndio wa mwisho waliolelewa na watu walioviona vita vile kwa macho yao. Wakiondoka, hakuna kitabu kitakachosema ni nani aliyechukuliwa kutoka nyumba ipi. Mwenye mzee kama huyo nyumbani na amuulize wiki hii, na awepo mtoto mwenye daftari wa kuandika.